Mjibu kwa Vina Vyake

Kuna lalamiko moja limeenea mwambao mzima, kutoka Lamu hadi Kilwa, Unguja na Pemba zikiwamo, kwamba watu hawajui tena kujadiliana. Lasemwa barazani, lasemwa redioni, lasemwa katika makongamano ya fasihi. Mtu hutoa hoja asubuhi. Adhuhuri haijafika, ameshatukanwa yeye, mamaye na mji aliozaliwa, na hoja yenyewe hakuna aliyeigusa. Na kila mwenye kulalamika ana sababu iyo hiyo mkononi: adabu imekwisha, wazee wamekufa, vijana hawakulelewa. Sababu hiyo ina raha yake, maana humwacha mlalamikaji nje ya lawama. Lakini si ya kweli.

Wazee hawakuwa malaika. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alikuwa na ulimi wenye makali, na wenziwe wa Lamu na Pate hawakupungukiwa. Walikebehiana, walisutana, walitishana. Zama za vita vya Kuduhu, mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Pate zikiwa upande mmoja na Lamu upande wa pili, mashairi yalivuka bahari yakiwa yamebeba vitisho vya wazi. Mashairi hayo, yaliyokusanywa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika kitabu kilichotoka mwaka 1995, hayakuzuia vita. Vita vilipiganwa Shela na watu wakafa. Basi asije mtu akadai kwamba ushairi wa kale ulikuwa mkeka wa suluhu. Hata hivyo, katika saa ile ile ya uadui palikuwapo jambo ambalo leo halipo hata baina ya marafiki: kila upande ulilazimika kuusikiliza upande wa pili mpaka mwisho wa ubeti, kwani asiyesikiliza hakuweza kujibu.

Kilichowalazimisha hakikuwa upole wa nyoyo zao. Yalikuwa ni masharti ya uwanja waliosimama. Na hapo ndipo penye kosa la walalamikaji wa leo: wanatafuta adabu ndani ya vifua vya watu, ilhali adabu ya mjadala hukaa katika namna mjadala ulivyopangwa. Uwanja ukipangwa vibaya, hata mtu muungwana huondoka hapo akiwa ametukana. Uwanja ukipangwa vyema, hata mwenye kiburi hujikuta amejibu kwa hoja.

Sharti la kwanza lajulikana na kila mpenzi wa mashairi, na huenda kwa kujulikana mno ndiyo maana halitazamwi tena. Anayelijibu shairi hulijibu kwa bahari ile ile aliyoitumia mwenziwe, kwa mizani ile ile na, akiwa fundi, kwa vina vile vile. Wengi hudhani hilo ni pambo, mchezo wa mafundi kuonyeshana ubingwa. Si pambo. Hebu utazamwe mfano wa kubuni, wa jambo dogo kabisa. Mtaani pana mkungu, na mtu mmoja ataka ukatwe:

Mkungu wa mtaani, ukatwe hauna tija,
Majani yake njiani, kila asubuhi yaja,
Mizizi i ukutani, nyumba yaanza kuvuja,
Shoka liko mkononi, nani atatoa hoja?

Jirani yake hataki ukatwe. Lau angekuwa yuko katika majadiliano ya siku hizi, angemwita mwenziwe mharibifu na mambo yakaishia hapo. Lakini ametakiwa ajibu kwa ni na ja, mizani nane kwa nane. Basi huketi, huhesabu kwa vidole, na huandika:

Shoka lirudishe chini, ndugu nakujibu hoja,
Ni kivuli cha jirani, na mgeni anokuja,
Ukitazama darini, paa ndilo linovuja,
Majani yalo njiani, yafagiwe kwa pamoja.

Beti hizi si za kusifiwa kwa ufundi. La kuangaliwa ni kazi iliyofanywa na kina. Mwenye kujibu alipolitafuta neno la kumalizia mshororo wake wa tatu, alikutana na neno la mwenziwe, kuvuja. Hakuweza kulikwepa. Ilimbidi alifikirie: je, ni kweli nyumba yavuja? Na ikiwa yavuja, yavujia wapi? Ndipo alipopanda darini akaona kwamba ubovu uko kwenye paa. Vivyo hivyo kwa majani ya njiani: hakuyakana, kwa sababu yapo, aliyapokea, kisha akayatafutia dawa. Kwa maneno mengine, sharti la vina limemfanya asome kila mshororo wa mpinzani wake kabla ya kuandika hata mmoja wa kwake. Ni mwalimu gani wa mantiki awezaye kumlazimisha mtu hivyo bila ya fimbo?

Jibu la namna hiyo lina faida nyingine, nayo ni kuyahifadhi maneno ya mpinzani. Ubeti wa jibu ukisomwa peke yake huwa kama nusu ya kombe, na msomaji huuliza mara moja, kwani aliambiwa nini? Mashairi ya Muyaka yamefika katika karne hii kwa juhudi za watu kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyeyakumbuka na kuyakusanya pamoja na W. E. Taylor katika karne ya 19, mpaka William Hichens akayatoa kwa diwani mwaka 1940. Katika kazi ya namna hiyo, anayemhifadhi mshairi hujikuta amemhifadhi na hasimu wake. Matusi hayana hifadhi hiyo. Hakuna anayetaka kujua neno gani lilitangulia tusi.

Sharti la pili lilikuwa ni muda. Chombo kilingojea upepo, na shairi lilingojea chombo. Baadaye lilingojea posta. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi, na mtunzi wa Tanga au wa Unguja aliyeudhiwa na shairi la mtu wa Tabora hakuwa na njia ya kumfikia wasomaji wasishuhudie ameandika nini, na wala hakuwa na njia ya kumfikia siku ile ile. Aliandika, akalala, akaamka, akasoma alichokiandika jana, akaona haya, akafuta. Wapo wanaoihesabu nafasi ile kuwa ni umaskini wa zama zile, na kwamba leo neno lafika kabla msemaji hajameza mate. Lafika, naam; na ndiyo sababu lafika likiwa bichi. Hakuna fundi wa jikoni asiyejua kwamba mchuzi wa nazi ukitiwa moto mkali na kuharakishwa hukatika. Muda ulikuwa ni sehemu ya upishi wa hoja, na aliyeuondoa hakuikamilisha kazi, aliipunguza.

La tatu lilikuwa ni jina. Katika kurasa za mashairi za magazeti, mtunzi aliandika jina lake, lakabu yake, sanduku la posta na mji wake. Lakabu haikuwa ninja, ilikuwa ni kilemba: ilimpamba mtu lakini uso ulionekana. Akikosea mizani alijulikana nani kakosea, na akimzulia mwenziwe alijulikana nani mzushi; mwanawe angeulizwa shuleni, na yeye angeulizwa sokoni. Visiwani watu wanakumbuka kinyume cha hayo. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, maskani ziligawika kwa vyama, na baadhi yake zikasimamisha mbao za kuandikia kwa chaki. Maneno ya ubaoni hayakuwa na jina chini yake. Mpita njia aliyechomwa hakuwa na pa kujibia, isipokuwa kwenda kuandika ubao wake mwingine mtaa wa pili, naye pia bila ya jina. Ndugu wa tumbo moja walisomana kwa mbao wasisemezane. Chaki ile haikuwa na sumu yoyote. Ubaya ulikuwa katika mpango wenyewe: neno lisilo na mwenyewe, lisilo na kikomo na lisilo na mlango wa jibu. Linganisha na baraza ya mawe iliyo nje ya nyumba ya Kiswahili, ambapo anayetaka kusema hana budi atoe salamu, ajongee, ampishe mwenziwe, kisha akae goti kwa goti na yule anayempinga.

La nne lilikuwa ni msimamizi. Mhariri wa ukurasa wa mashairi alifanya kazi mbili ambazo leo zadharauliwa. Alirudisha shairi lililovunja kanuni, na malumbano yakishazunguka mahali pamoja alitangaza kuwa yamefungwa. Mhariri mwema hakutangaza mshindi. Kazi hiyo iliachiwa wasomaji. Alilinda mlango tu, wala hakuketi kitini mwa kadhi.

Hapa ndipo wapinzani huinuka na kusema kwamba masharti ni minyororo, na kwamba mwenye kuusimamia mjadala huishia kuuziba. Hofu hiyo ina historia, na haistahiki kubezwa. Lakini yachanganya mambo mawili. Liko sharti juu ya namna ya kusema, na liko sharti juu ya jambo la kusemwa. La kwanza ndilo lililojenga majibizano. La pili ndilo lililoyaua.

Mfano mzuri ni ngonjera. Mathias Mnyampala alizieneza baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na chama cha UKUTA kikazipeleka mashuleni na kwenye sherehe. Kwa sura, ngonjera ni majibizano: huyu asema, yule ajibu, beti kwa beti, wakiwa wamesimama jukwaani mbele ya watu. Lakini mtazamaji ajua tangu ubeti wa kwanza nani atakayeshindwa. Mjinga ataelimishwa, mvivu atakwenda shambani, mpinzani ataomba radhi, na wote wataimba pamoja. Ngonjera zilifanya kazi ya kuhimiza, na Mnyampala alikuwa mtunzi hodari. Si haki kuyakana hayo. Walakini si mjadala. Ni mjadala uliokwisha kabla haujaanza. Pale umbo lilionekana kuwa ni la watu wawili, na maana ilikuwa ya mtu mmoja.

Mfano wa upande wa pili ni mchungu zaidi. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika kijikaratasi alichokiita Kenya: Twendapi? Kichwa chake kilikuwa swali, na swali hutaka jibu. Serikali ilikuwa na magazeti, redio na wasemaji wa kumjibu. Ilimjibu kwa kumfunga miaka 3. Alichokitunga gerezani kilitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, kikiwa kimefungwa kwa mizani na vina vya bahari za kale, na mwaka 1974 kikapewa tuzo iliyobeba jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimtia ndani. Nani basi aliyeuziba mjadala? Mizani nane? Mizani ilikaa na mfungwa chumbani na kumpa pumzi. Aliyeziba ni yule aliyekataa kujibu. Kanuni iliyo sahihi, basi, ni kulifunga umbo na kuiachia maana. Majadiliano ya leo yamefanya kinyume chake: umbo limeachiwa lote, na maana zimebaki zile zile mbili tatu za makundi, zikirudiwa kwa sauti kubwa.

Pingamizi la pili ni kwamba masharti huwafungia mlango wasiosoma sana. Lingekuwa zito kama masharti yangekuwa ya shahada. Lakini mizani huhesabiwa kwa vidole, na kila mtu anavyo. Sheikh Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alichokifanya ni kuliweka mezani lile lililokuwa likishikwa na wachache, ili karani, mvuvi na mshona nguo waweze kujifunza bila ya kumwamkia bwana yeyote. Sharti linalofundishika ni ngazi, na sharti la siri ndilo ukuta. Kwa hakika ni uwanja usio na masharti ndio unaowafukuza wanyonge, kwa kuwa huko hutawala mwenye sauti nene na muda wa kupoteza. Liko doa moja ambalo haifai kulificha: kurasa zile zilijaa majina ya wanaume, katika jamii ambayo utendi wake mashuhuri mmoja ulitungwa na Mwana Kupona mwaka 1858, na ambayo wanawake wake wamekuwa wakijibizana kwa nyimbo katika lelemama na taarabu kwa ustadi usio na shaka. Mlango huo ulifungwa na mazoea, wala si na mizani. Anayepanga uwanja leo hana udhuru wa kuurithi ufungaji ule.

Pingamizi la tatu latoka kwa wapenzi wa ushairi wenyewe, nalo ni zito kuliko yote. Watasema: mbona mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 uliwahusu mafundi wa masharti, nao ukaharibika? Uliharibika kweli. Kahigi na Mulokozi walitoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973, Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, na kwa miaka mingi iliyofuata, mpaka Jumanne Mayoka alipokiita kitabu chake Mgogoro wa Ushairi katika miaka ya 1980, pande mbili zilipigizana kelele. Upande mmoja ulisema: hili si shairi. Wa pili ukasema: hayo ni ya kale yaliyochoka. Swali lilikuwa kubwa na la haki, na wengi wa waliobishana walikuwa watu wa elimu na heshima. Kwa nini basi lilizaa uchungu mwingi kuliko mwanga?

Kwa sababu sharti la kwanza liliachwa. Walinzi wa mapokeo walijibu kwa beti za vina kazi zisizotumia vina. Walipima kichwa kwa kanda ya kiatu. Watetezi wa mapya nao walijibu kwa makala za chuo kikuu, kwa istilahi ambazo malenga wa Mvita au wa Pemba hakuzizoea, kisha wakashangaa kwamba hakujibu. Hakuna aliyemjibu mwenziwe kwa bahari ya mwenziwe. Fikiria mtetezi wa vina angalipojaribu, mara moja tu, kumjibu Kezilahabi kwa shairi lisilo na vina. Angaligundua ugumu wa kuushika mshororo usioshikwa na kina, na huenda angaliuheshimu. Fikiria na mtetezi wa mapya angalimjibu malenga kwa tarbia isiyopungua mizani. Baadhi yao waliliweza hilo, na Kahigi na Mulokozi waliijua njia ya jadi vyema, kama inavyoonekana katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya mwaka 1979. Ndiyo maana maneno yao yamedumu kuliko ya wale waliorusha mawe tu. Mgogoro ule, basi, hauipingi kanuni. Waonyesha tu kuwa kanuni haikuwa vina vyenyewe. Kanuni ni kumjibu mtu kwa kipimo chake.

Na kwa kuwa kanuni ndiyo hiyo, yaweza kuhamishiwa popote, hata pasipo na ushairi. Anayesimamisha kongamano, kipindi cha redio, kikao cha mtaa au jarida, ana uwezo wa kuweka mambo machache yasiyohitaji fedha. Aseme kwamba asiyeweza kwanza kuirudia hoja ya mwenziwe, mpaka mwenye hoja akakiri kuwa ndiyo hiyo, haruhusiwi kuipinga. Aseme kwamba jibu la hasira hupokewa kesho. Aseme kwamba kila mtu ana zamu 3 na si 30, maana mwenye zamu chache huichagua kauli yake. Aseme kwamba neno lisilo na mwenyewe halisomwi, isipokuwa pale ambapo mwenyewe angedhuriwa na wenye nguvu kwa kulisema. Na awekwe msimamizi anayejua kufunga bila ya kuhukumu.

Watakaosema kwamba hayo yatapunguza idadi ya wasemaji wamesema kweli. Yatapunguza. Uwanja wa sasa wajivunia wingi wa sauti kama mchuuzi anayejivunia idadi ya nzi juu ya samaki wake. Swali la kuulizwa kila mwisho wa majadiliano si wangapi walisema, bali kama yuko hata mmoja aliyetoka hapo akijua jambo ambalo hakulijua alipoingia, kama yule jirani aliyepanda darini.

Majarida ya visiwani na mwambao ndiyo yenye haki ya kutangulia, kwani sharti hili ni mali ya wasomaji wao kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Yamezoea kuchapa shairi, kulisifu na kulizika. Toleo hadi toleo mashairi yamekaa ukurasa kwa ukurasa kama wageni wa harusi wasiojuana, kila mmoja na sahani yake. Zitengwe kurasa mbili tu za jibu. Shairi litolewe katika toleo moja, na jibu lake lingoje toleo lifuatalo, kwa bahari ile ile, jina likiwa chini. Kama hakuna atakayejibu, itajulikana kwamba walalamikaji walikuwa na haki, na adabu kweli imekufa. Lakini hawawezi kulisema hilo kabla uwanja haujafagiliwa na mkeka haujatandikwa.